KOMEO LA PILI: NAMNA RUNUNU INAVYOLINDA AKAUNTI YAKO

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Nimeishika kalamu ili niwaeleze jambo ambalo nililijua kwa kuchelewa, na kuchelewa huko kukaigharimu familia yetu. Majuto ni mjukuu, nami nisingependa mjukuu huyo aje kuwatembelea nyinyi pia.

Nianze na mlango wa nyumbani kwetu. Mlango huo una kitasa na una komeo. Kila usiku kabla ya kulala, Mama huzungusha ufunguo kwenye kitasa, kisha hulisukuma komeo. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza kwa nini aufunge mara mbili mlango uliokwisha kufungwa. Akanijibu, "Mwanangu, ufunguo unaweza kuchongwa mwingine mjini bila mimi kujua. Lakini komeo liko ndani, na mimi niko ndani."

Nilicheka wakati ule. Leo sicheki tena.

YALIYOTUPATA

Mama yangu ni fundi cherehani. Hushona sare za shule, magauni na mashati ya vitenge. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza aliniomba nimfungulie ukurasa kwenye mtandao mmoja wa kijamii ili wateja waione kazi yake. Nikaufungua. Neno la siri, au paswadi kama tunavyosema mitaani, nililiunda mimi: jina la kitinda mimba wetu na mwaka aliozaliwa. Nililipenda kwa sababu halisahauliki. Nikalipenda hata nikalitumia tena mahali pengine, kwenye tovuti fulani ya michezo ya kompyuta niliyokuwa nikiicheza kule saiba siku za Jumamosi.

Biashara ilishamiri. Wateja wakawa wanaona picha, wanaagiza, na wanatuma pesa kidogo za kitambaa kabla ya kazi kuanza. Kisha mwaka jana, mwezi wa Agosti, tukiwa likizoni, mama mmoja alifika nyumbani akiwa amefura kwa hasira.

"Fundi, gauni langu liko wapi?"

"Gauni lipi, dada yangu?"

"Ati lipi! Si nilituma elfu mbili na mia tano kwa ile nambari mpya uliyoniandikia?"

Mama hakuwa na nambari mpya. Tulipojaribu kuingia kwenye ukurasa wake, ulikataa. Mtu alikuwa ameingia, akabadilisha neno la siri, akawaandikia wateja kwa jina la Mama kwamba laini yake ya zamani ina shida, kwa hiyo watume malipo kwa nambari nyingine. Wateja wawili walituma. Jumla ikawa shilingi 4,500.

Mama hakupokea hata ndururu ya pesa hizo, lakini alizirudisha zote. Alisema kwamba jina lililotumiwa ni lake, na jina likishachafuka hakuna sabuni ya kulifulia. Pesa alizorudisha zilikuwa sehemu ya karo yangu ya muhula wa tatu. Muhula ulipofunguliwa nilikaa nyumbani wiki mbili, nikiwatazama wenzangu kupitia dirishani wakipita na mikoba yao.

Binamu yangu, anayerekebisha tarakilishi mjini, ndiye aliyetusaidia kuurudisha ukurasa ule, maana barua pepe iliyoufungulia ilikuwa bado mikononi mwetu. Siku nne zilipita kabla haujarudi. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Neno hili la siri ulilitumia mahali pengine?" Nikakumbuka ile tovuti ya michezo. Nikanyamaza. Hatukuweza kujua kwa hakika mwizi alipitia mlango gani, lakini niliyekuwa nimechonga funguo mbili zinazofanana nilikuwa mimi.

NENO LA SIRI LINA KASORO GANI?

Maneno ya siri katika tarakilishi si jambo la juzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, chuo cha MIT nchini Marekani kilikuwa na tarakilishi kubwa iliyotumiwa na watu wengi. Kila mtu alipewa neno lake la siri na muda wake wa kuitumia mashine. Mwaka 1962 mtafiti mmoja kijana wa chuo hicho, Allan Scherr, aliona kwamba saa nne alizopewa kwa wiki hazimtoshi. Akapata njia ya kuiagiza mashine ichapishe faili iliyokuwa na maneno ya siri ya watu wote. Mashine haikuuliza lolote, ikachapisha. Kwa hiyo neno la siri lilipokuwa bado changa, tayari lilikuwa limekwisha kuibwa.

Tangu siku hizo kasoro zake ni zilezile. Kwanza, neno la siri hukisika. Watu hupenda majina ya watoto, ya timu za mpira, na miaka ya kuzaliwa, na mambo hayo jirani yako anayajua. Pili, watu hulirudia neno moja kila mahali, hivyo tovuti moja dhaifu ikivunjwa, wezi huchukua orodha iliyopatikana na kuijaribu kwingineko. Tatu, na hili ndilo baya zaidi, neno la siri likiibwa halipungui. Mwizi wa kuku akiiba kuku, banda hubaki tupu na asubuhi utajua. Mwizi wa neno la siri huliacha palepale. Wewe unalo, naye analo, na jua linachomoza kama kawaida.

HATUA MBILI NI ZIPI?

Wataalamu wanasema mtu anaweza kujitambulisha kwa njia tatu: kwa kitu anachokijua, kama neno la siri, kwa kitu alicho nacho mkononi, kama kadi au simu, na kwa kitu kilicho mwilini mwake, kama alama ya kidole. Uthibitishaji wa hatua mbili maana yake ni kudai vitu viwili vya aina tofauti kabla ya kumfungulia mtu mlango. Maneno mawili ya siri hayatoshi, maana yote mawili ni ya kujua, na anayeiba moja anaweza kuiba na la pili papo hapo.

Jambo hili hata si geni kwetu. Anayetoa pesa kwenye mashine ya benki huhitaji kadi na nambari yake ya siri. M-Pesa, iliyoanzishwa hapa Kenya mwezi wa Machi mwaka 2007, ni vivyo hivyo: laini iko ndani ya simu yako, na nambari ya siri iko kichwani mwako. Anayeokota simu yako hana nambari, na anayeijua nambari yako hana laini. Nyanya yangu, ambaye hajawahi kuigusa tarakilishi, anatumia hatua mbili kila anapotoa pesa alizotumiwa na watoto wake, naye akitoa hesitati hata kidogo kuitaja nambari yake mbele ya mtu.

Ajabu ni kwamba sisi tunaojiona werevu tunazifunga pesa kwa hatua mbili, kisha barua pepe na kurasa zetu tunaziacha na kitasa kitupu.

KWA NINI ARAFA PEKEE HAITOSHI

Mitandao mingi, ukiingia, hukutumia arafa yenye nambari. Hiyo ni hatua ya pili, na ni bora kuliko kukosa kabisa. Lakini ina udhaifu wake.

Arafa huifuata laini, haikufuati wewe. Wako matapeli wanaojifanya wenye laini, wakiwa na jina lako na nambari ya kitambulisho chako, wakaomba wapewe kadi mpya ya simu kwa madai kwamba ya kwanza imepotea. Wakifaulu, simu yako hupoteza mtandao ghafla, na kila arafa iliyokuwa yako huingia kwao. Kwa sababu kama hizi, mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliziweka nambari zinazotumwa kwa arafa au kwa kupigiwa simu katika kundi la njia zenye vikwazo.

Tena arafa inahitaji mtandao. Kule kwa nyanya mtandao hupatikana juu ya kichuguu kimoja nyuma ya zizi, na hata hapo lazima uinue mkono.

PROGRAMU INAYOPIGA HESABU

Hapa sasa ndipo penye utamu. Binamu alituwekea kwenye simu ya Mama programu ndogo ya kuthibitisha. Ziko nyingi za aina hii. Google Authenticator, kwa mfano, ilitolewa mwaka 2010, na Microsoft wanayo yao. Ukiifungua unaona jina la akaunti, na chini yake tarakimu sita. Baada ya sekunde 30 tarakimu hizo zinatoweka na nyingine zinatokea.

Mimi nilidhani nambari hizo zinatumwa kutoka mahali fulani. Binamu akaniambia, "Zima data." Nikazima. "Toa laini kabisa." Nikaitoa na kuiweka mezani. Nambari ziliendelea kubadilika kana kwamba hakuna lililotokea. Nikashangaa: kama hakuna anayezituma, basi mtandao ule wa kijamii, ambao mashine zake ziko ng'ambo huko, unajuaje kwamba nambari ya Mama ni sahihi?

Jibu ni methali tunayoijua sote: siri ya mtungi aijuaye kata. Simu na mtandao vimegawana siri moja, na vyote viwili vinatazama saa.

Hebu tuchukue mfano wa darasani. Tuseme mimi na mwenzangu wa dawati tumekubaliana, tukiwa wawili tu, kwamba siri yetu ni 7. Nikimpelekea barua na nikitaka ajue kwamba ni mimi kweli, ninatazama dakika kwenye saa, ninazizidisha kwa 7, na ninaandika jibu. Ikiwa ni saa mbili na dakika 24, nitaandika 168. Naye atatazama saa, apige hesabu ileile, na akipata 168 atajua ni mimi. Dakika moja baadaye jibu ni 175, na ile 168 haina kazi tena. Hatukutumiana siri, tuliigawana siku ya kwanza, ikaisha.

Lakini mfano wangu una ufa, na wale wa hesabu wameshauona. Mtu akiiona 168 na kuitazama saa, atagawanya kwa 24 na kuipata 7 yetu. Kwa hiyo inahitajika hesabu isiyorudi nyuma. Fikirieni mashine ya kusaga. Ukitia mahindi unapata unga, lakini hakuna fundi duniani atakayeugeuza unga kuwa mahindi. Wataalamu wanayo hesabu ya kusaga namna hiyo, inaitwa HMAC, na ilielezwa mwaka 1996 na Mihir Bellare, Ran Canetti na Hugo Krawczyk. Ukiitia siri pamoja na saa, zinasagwa pamoja, kisha kutoka kwenye unga huo hukatwa tarakimu sita. Anayeziona tarakimu sita ameuona unga. Siri haioni.

Na siri yenyewe si 7. Ni mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu uliochanganywa bila mpango. Kwa kuwa kuuandika kwa mkono ni taabu, tovuti huuficha ndani ya mchoro wa miraba myeusi na myeupe, ule unaoitwa QR, uliobuniwa mwaka 1994 katika kampuni ya Denso Wave nchini Japani kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Kamera ya simu ikiusoma mchoro huo mara moja, siri imeingia.

Je, saa inasomwaje? Sisi Waswahili tunasema saa tatu asubuhi, Mwingereza anasema tisa, na London yenyewe ina saa yake. Simu haishughuliki na mabishano hayo. Inahesabu sekunde zote zilizopita tangu Januari 1, 1970, usiku wa manane kwa saa ya Greenwich. Hapa kwetu ilikuwa saa tisa za usiku. Idadi hiyo ya sekunde ni moja dunia nzima, uwe Kisumu au Tokyo. Simu inaigawanya kwa 30, inatupa baki, na kile kinachosalia ndicho kinachosagwa pamoja na siri.

Hesabu hii haikufichwa kabatini. Ilichapishwa mwaka 2011 kama kiwango kinachoitwa RFC 6238, na mtu yeyote anaweza kuisoma. Ndani yake mna mifano ya kujaribia, yenye siri ya mchezo ambayo ni tarakimu 1 hadi 9 na sifuri, mara mbili. Mmoja wa mifano hiyo ni wa Machi 18, 2005, ambapo kwa saa za Kenya ilikuwa alfajiri, saa kumi na dakika 58 na sekunde 29. Sekunde tangu 1970 zilikuwa 1,111,111,109. Gawanya kwa 30, tupa baki, unapata 37,037,036. Tarakimu sita za mwisho za jibu ni 081804. Ongeza sekunde mbili tu, ziwe 1,111,111,111. Gawanya tena: sasa ni 37,037,037. Imeongezeka moja. Lakini tarakimu sita zimekuwa 050471! Tazameni wenyewe kama nambari hizo mbili zina undugu wowote. Ndiyo maana anayeiona nambari ya sasa hawezi kuibashiri ijayo.

Na akitaka kubahatisha? Kutoka 000000 hadi 999999 kuna nambari milioni moja, naye ana nusu dakika, na tovuti nzuri humfungia baada ya kukosea mara chache.

Kwa hiyo hata yule mwizi angekuwa na neno letu la siri tangu zamani, angefika mlangoni, angezungusha ufunguo wake wa kuchonga, kisha angelikuta komeo.

UKITAKA KUANZA

Najua simu haziruhusiwi shuleni, na siandiki haya ili mtu azifiche mkobani. Fanyeni nyumbani, pamoja na wazazi.

Kwanza, weka programu ya kuthibitisha kutoka duka rasmi la programu la simu yako, usiitoe kwa kiungo ulichotumiwa na mtu.

Pili, ingia kwenye akaunti yako, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya usalama, utafute uthibitishaji wa hatua mbili. Chagua njia ya programu.

Tatu, tovuti itakuonyesha ule mchoro wa miraba. Usome kwa programu. Mchoro huo ndio siri yenyewe. Usiupige picha ukamtumia rafiki, wala usiuache kwenye kioo cha tarakilishi ya saiba ukaenda kunywa soda.

Nne, andika tarakimu sita unazoziona ili tovuti ihakikishe kwamba mmeelewana.

Tano, utapewa nambari za akiba. Google, kwa mfano, hutoa kumi, na kila moja hutumika mara moja tu. Ziandike kwenye karatasi. Za Mama ziko ndani ya kopo la vifungo, chini ya vifungo vya sare, na hapo nimekwisha kusema mengi kuliko inavyofaa!

Anzeni na barua pepe kabla ya kitu kingine chochote. Barua pepe ndiyo mama wa akaunti zote, kwa sababu ukisahau neno la siri la mahali popote, njia ya kulibadilisha hupitia huko. Sisi tulio Kidato cha Tatu tutafungua akaunti nyingi hivi karibuni, za kuomba nafasi za vyuo na mikopo ya masomo. Mtu akiishika barua pepe yako, ameushika mustakabali wako.

KISA CHA SAA YA MAMA

Siku ya pili baada ya kuweka komeo letu, Mama aliniita kwa hofu. "Njoo uone, nambari inakataa!" Akaandika tarakimu sita, ikakataa. Akangoja nyingine, ikakataa. Neno la siri lilikuwa sahihi. Nikaanza kutokwa na jasho nikidhani mwizi amerudi.

Kumbe Mama alikuwa ameisogeza saa ya simu yake mbele kwa dakika tano ili asichelewe mikutano ya chama chao cha akina mama! Simu ikawa inasaga saa ambayo bado haijafika. Tovuti huvumilia kidogo, kwa kawaida nusu dakika hivi, maana inajua vidole vya watu ni vizito. Dakika tano haivumilii. Tulirudisha saa ijiweke yenyewe kutoka mtandaoni, na mlango ukafunguka mara moja. Sasa Mama anachelewa chamani kama wenzake.

KILE AMBACHO KOMEO HALIWEZI

Sitaki niwadanganye kwamba jambo hili halina mapungufu. Simu ikipotea au ikitumbukia chooni, siri zake zinaweza kwenda nayo. Ndipo zile nambari za akiba zinapokuwa mkombozi. Asiyeziandika anaweza kujifungia nje ya nyumba yake mwenyewe. Vilevile wako wanaotengeneza tovuti bandia zinazofanana na za kweli kama shilingi kwa ya pili. Ukiandika humo neno lako la siri na tarakimu sita, mwizi huzichukua na kuzitumia kwenye tovuti halisi kabla nusu dakika haijaisha. Kwa hiyo soma anwani ya tovuti herufi kwa herufi kabla ya kuandika chochote.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, ni ulimi wetu. Komeo liko ndani. Anayeweza kulifungua ni aliye ndani, na mwizi mwerevu hubisha hodi kwa adabu.

Mwezi wa Februari mwaka huu simu ya Mama ililia. Mwanamume mwenye sauti nyororo alisema kwamba anatoka huduma kwa wateja ya mtandao ule, kwamba ukurasa wa Mama una hatari ya kufungwa, na kwamba ili ausaidie, Mama amsomee zile tarakimu sita anazoziona. Nilikuwa nikifanya kazi ya ziada mezani. Moyo ulinipasuka. Nikaanza kumpungia Mama mikono akate simu.

Mama hakukata. Alisimamisha cherehani, akavua miwani, akasema pole pole, "Baba, kijana wangu ameniambia kwamba mwenye mtandao anayo siri hiyo hiyo niliyo nayo mimi, na saa anayo. Sasa kama wewe ndiwe mwenye mtandao, mbona usipige hesabu yako mwenyewe?"

Upande wa pili kulikuwa kimya. Kisha simu ikakatwa.

Wasomaji wapenzi, mimi nilikuwa nimeieleza hesabu ile yote kwa kujigamba, na sikuwa nimeliona hilo. Mama, ambaye aliishia darasa la saba, ndiye aliyeliona. Mtandao wa kweli hauhitaji kuambiwa nambari kwa simu, kwa sababu unaweza kuipata wenyewe. Unakuuliza pale tu wewe unapoingia, ili ujue kama ni wewe. Anayekupigia simu na kuiomba amekwisha kukiri kwamba hana siri, na asiye na siri si mwenyeji.

TAMATI

Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta inasema kwamba kupenya kwenye akaunti ya mtu bila idhini ni kosa la jinai. Ni vyema iwepo. Lakini sheria humfuata mwizi akiwa amekwisha kutoka, na karo yangu haikurudi pamoja na sheria.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuweka komeo la pili kulituchukua dakika kumi, na binamu hakutudai chochote ila chai na chapati mbili. Kulirejesha jina la Mama kwa wateja kulichukua miezi mitatu. Yule mama aliyekuja na hasira siku ile amerudi. Gauni lake lilishonwa, na mwezi uliopita alileta sare za watoto wake wawili.

Basi ukifika nyumbani leo jioni, mwulize mzazi wako au dada yako: akaunti yako ina kitasa tu, au ina na komeo? Akikuuliza komeo ni nini, unayo makala haya. Msomeeni. Na akikuomba umtajie nambari sita za kwenye simu yako ili aone mfano, mwambie apige hesabu yake.

Wasalaam.